Kwa Baiskeli Katika Njia za Mashindano ya Ulaya

Miongoni mwa vijana wa parokia zetu hapa Likasi wapo wenye ndugu Ulaya, na mara kwa mara twaulizwa swali hili: mtu akijaliwa kupata likizo na nauli, akataka kuzipita kwa baiskeli zile njia zinazoonyeshwa katika televisheni kila mwaka, aanzie wapi? Vitabu vya wasafiri vipo, navyo humweleza msomaji urefu wa kila mlima na bei ya kila chumba. Lakini havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Likasi. Mtu aliyekulia katika mji wa shaba, akizifuata njia hizo, ataona mambo ambayo mtalii wa kawaida huyapita bila kugeuza shingo. Kwa hiyo tumeona vema kuipanga safari hiyo hapa kwa njia ya historia, tukitazama ni nani waliozianzisha njia hizo, ni nani waliozipita, na kwa nini mara nyingi mahali palipo pagumu pana kikanisa cha Bikira Maria.

Sisi wa huku twaijua baiskeli kwanza kama chombo cha kazi. Kila alfajiri twawaona ndugu zetu wakiingia mjini kutoka vijijini, wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala ya kupikia yaliyopita kimo cha mtu. Katekista naye anaijua, maana ndiyo iliyompeleka vijijini Jumamosi na kumrudisha Jumatatu na vumbi mpaka kwenye nyusi. Basi wengine hudhani ya kuwa huko Ulaya baiskeli ya mashindano ni mchezo wa matajiri. Leo bei yake ni ya kutisha, hatukatai. Lakini tukirudi nyuma kwenye mwanzo wake, twakuta wafua vyuma, wachunga ng'ombe, wachimba makaa ya mawe na watoto wa wahamiaji.

Safari na ianzie Brugge, mji wa Flandria katika Ubelgiji. Sababu ni yetu wenyewe. Mwaka 1910 mapadri Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea, iliyo nje kidogo ya mji huo, walifika Katanga wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, mzaliwa wa Gent, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu na kufariki mwaka 1958. Misioni nyingi za upande huu zilipandwa na watu wa abasia ile. Abasia ingali ipo, na msafiri anaweza kuifikia kwa baiskeli kabla chai yake haijapoa. Toka mwaka 1998 mpaka 2016 mashindano makubwa ya Flandria yalikuwa yakianzia Brugge, na siku hizi Brugge na Antwerpen hupokezana.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1913 mjini Gent, miaka mitatu tu baada ya kuja kwa Wabenedikto. Aliyeyaanzisha alijulikana kwa jina la Karel Van Wijnendaele, mwandishi wa gazeti la michezo, mtoto wa nyumba maskini yenye watoto 15. Washindani 37 waliondoka asubuhi, na njia ilikuwa zaidi ya kilomita 300 juu ya mawe na matope. Aliyeshinda ni Paul Deman. Yafaa kujua ya kuwa wakati ule Waflama walikuwa wakidharauliwa katika nchi yao wenyewe. Ofisini, jeshini na katika shule za juu, lugha ya heshima ilikuwa Kifaransa, na msemaji wa Kiflama alihesabiwa kuwa mtu wa shamba. Van Wijnendaele alitaka watu wake wapate jambo la kujivunia kwa lugha yao. Twaliandika hili kwa makusudi, maana baadhi ya watoto wa watu hao hao waliodharauliwa kwa ajili ya lugha walikuja huku, na wengine wakasahau upesi.

Kutoka Brugge hadi Oudenaarde, ambako mashindano hayo humalizika tangu mwaka 2012, ni kama kilomita 60 za nchi tambarare. Mtu asijisifu mapema. Mbele kidogo yupo Geraardsbergen, na hapo barabara ya mawe yapanda kuelekea juu ya kilima cha Oudenberg. Kilima chenyewe si kirefu hata mita 120 juu ya bahari, ambapo sisi twakaa juu ya mita 1,000. Lakini mteremko wake ni mkali hata wenye misuli hushuka na kusukuma. Kileleni pana kikanisa cha Bikira Maria. Watu walikuwa wakipanda huko kuhiji kwa miguu kabla baiskeli haijabuniwa. Wenye mashindano waliifuata tu njia ya mahujaji.

Sasa twavuka mpaka kuingia Ufaransa ya kaskazini, na hapa twamwomba msafiri asiharakishe, kwa maana sehemu hii ndiyo tunayoiona kuwa moyo wa safari yote.

Mashindano ya Paris hadi Roubaix yalifanyika mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 1896, naye Josef Fischer, Mjerumani, akashinda. Roubaix ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na wenye viwanda wawili, Théodore Vienne na Maurice Perez, ndio waliotoa fedha. Yasimuliwa ya kuwa walitaka mashindano yawe siku ya Pasaka, mapadri wakapinga, wakisema washindani na watazamaji watakosa Misa. Na kweli siku iliyochaguliwa ilikuwa Dominika ya pili baada ya Pasaka. Lakini mwaka uliofuata, 1897, walikimbia siku ya Pasaka yenyewe. Wasomaji wanaolalamika juu ya mechi za mpira za Dominika asubuhi wataona kwamba shauri hilo ni la zamani.

Watu huyaita mashindano haya Jehanamu ya Kaskazini, nao hudhani ni kwa ajili ya mawe yanayotikisa mifupa. Sivyo. Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, waandishi wa magazeti walitangulia kuitazama njia kama yapitika. Wakakuta vijiji vimekuwa vifusi, miti imebaki magogo meusi, na ardhi imejaa mashimo ya mizinga. Walichoandika kilihusu vita. Baiskeli ilirithi jina tu.

Mshindi wa mwaka 1897, na tena 1898, alikuwa Maurice Garin. Alizaliwa upande wa Aosta katika Italia, akaja Ufaransa akiwa mtoto, na kazi yake ilikuwa kuingia katika mabomba ya moshi ya nyumba za watu na kuyafuta masizi. Mwaka 1903, gazeti moja la Paris lilipoanzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa yote, watu 60 waliondoka, 21 tu wakafika mwisho, na wa kwanza akawa huyo mfuta masizi. Alizeeka na kuzikwa Lens, mji wa makaa ya mawe.

Na makaa ya mawe ndiyo yanayotufikisha kwenye msitu wa Arenberg. Katikati ya msitu huo imekatwa barabara iliyonyoka kama uzi, zaidi kidogo ya kilomita 2, imetandazwa mawe makubwa yasiyolingana, yenye ukoka na ukungu. Washindani huingia humo kwa kasi, wakaanguka, wakavunjika. Barabara hiyo haikuwamo katika mashindano mpaka mwaka 1968. Aliyewaonyesha wakubwa wa mashindano ni Jean Stablinski.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1932, wazazi wake Wapolandi waliokuja Ufaransa kutafuta kazi. Jina lake halisi lilikuwa Stablewski. Waandishi wa magazeti walilikosea, na kosa likabaki. Ni wangapi kati yetu wanaobeba jina ambalo karani alilisikia vibaya? Akiwa kijana wa miaka 14 alishuka mgodini. Yasimuliwa kwamba baiskeli yake ya kwanza aliipata kama zawadi katika mashindano ya kupiga kodiani. Akaanza kushindana, akashinda, na mwaka 1962 huko Salò, Italia, akawa bingwa wa dunia. Lakini msitu wa Arenberg aliujua kutoka chini kwanza. Alikuwa amechimba makaa chini ya miti ile ile, na watu walipenda kusema ya kuwa kati ya washindani wote yeye peke yake alikuwa amefanya kazi chini ya barabara ile kabla ya kupita juu yake. Alifariki mwaka 2007, na kwenye mlango wa msitu limesimamishwa jiwe la kumkumbuka.

Msafiri wa Likasi akifika hapo, na aegemeze baiskeli yake kwenye mti, atembee mpaka kwenye mgodi wenyewe. Ataona minara ya chuma ya kuteremshia watu. Ataona safu za nyumba za matofali, zote sura moja, zilizojengwa na kampuni kwa wafanyakazi wake. Kampuni ilikuwa na nyumba, shule, hospitali na hata kanisa. Mtu aliyefukuzwa kazi alipoteza yote siku moja. Je, hatuyajui haya? Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilifanya vivyo hivyo kule Panda na Shituru, ikahesabu watoto, ikagawa unga kwa kipimo. Mji wetu wenyewe ulipewa jina la Jean Jadot, mkubwa wa kampuni, nao ukaitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Hatusemi ya kuwa mambo yalikuwa sawasawa. Mchimbaji wa Arenberg alikuwa na chama chake na kura yake. Babu zetu hawakuwa na kura, na mshahara wao haukuwa wa kulinganisha. Lakini yule mtoto anayemngoja baba kwenye lango la kampuni jioni ni yule yule.

Mgodi wa Arenberg ulifungwa mwaka 1989. Mwaka 2012 nchi yote ile ya makaa iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, hata vilima vya takataka za mgodi. Na barabara ya mawe? Wapo watu wanaojitolea kuitengeneza, jiwe kwa jiwe, na mshindi wa Roubaix hupewa jiwe moja la namna hiyo badala ya kikombe. Huku kwetu jiwe la mgodini lathaminiwa kwa kilo na kwa asilimia ya shaba. Tungependa kijana wetu alishike lile jiwe la Arenberg mkononi, jiwe lisilo na madini yoyote, aone jinsi watu wa kule walivyoamua kuikumbuka kazi ya baba zao, halafu arudi atueleze kwa nini Shituru hapana hata kibao kimoja chenye jina la mchimbaji.

Kutoka Arenberg kurudi Ubelgiji ni karibu, na siku moja ya kukanyaga yatosha kufika Marcinelle, kando ya Charleroi. Mgodi wa huko, Bois du Cazier, uliungua tarehe 8 Agosti 1956. Wakafa watu 262, na kati yao Waitalia ni 136. Walikuwa wamekuja kwa mapatano ya mwaka 1946: Italia ilitoa watu, Ubelgiji ikatoa makaa. Familia za hapa ambazo babu zao waliletwa kutoka Kasai, Rwanda au Rhodesia hazihitaji kufafanuliwa. Hapa hapana mlima wa kupanda. Na apige magoti, asali, aendelee.

Mlima upo Huy, mbele kwenye mto Meuse. Barabara inayopanda kutoka mjini, ambayo tangu mwaka 1985 ndiyo mwisho wa mashindano yaitwayo Mshale wa Wallonia, haifiki hata kilomita moja na nusu, lakini pembe moja ni kama ukuta. Jina lake ni Njia ya Makanisa, kwa kuwa vikanisa saba vimesimama kando yake hadi juu, kwenye kanisa la Mama Yetu wa la Sarte. Habari ya mahali hapo ni hii. Mwaka 1621 mwanamke aitwaye Anne Hardy alikuwa akiokota kuni mlimani. Akaona katika kikanisa kilichobomoka sanamu ya Bikira Maria imetupwa, akaiweka juu ya mzigo wake aende nayo nyumbani. Alipotaka kuuinua mzigo, haukuinuka. Watu wakafahamu kuwa Mama hataki kuondoka pale. Leo washindani hodari hupita mlango wa kanisa hilo wakitoa ulimi nje, na nani anamkumbuka mwokota kuni? Mama zetu wanaoshuka na mizigo ya kuni watamkumbuka.

Kutoka Huy twamshauri msafiri apakie baiskeli katika treni mpaka Como, Italia, maana Alpi si mahali pa kujaribia nguvu za mgeni. Juu ya ziwa la Como, katika kilima cha Ghisallo, kipo kikanisa ambacho washindani wa mashindano ya Lombardia wamekipita tangu mwaka 1919. Padri wa hapo, Ermelindo Viganò, aliomba Mama wa Ghisallo awe msimamizi wa wote waendeshao baiskeli, na tarehe 13 Oktoba 1949 Baba Mtakatifu Pio XII akakubali. Ndani yake zimetundikwa baiskeli za mabingwa. Mojawapo imepondeka: ni ya Fabio Casartelli, kijana wa upande ule ule, aliyeanguka na kufa mwaka 1995 katika mashindano ya Ufaransa.

Kati ya mabingwa wa kikanisa hicho yumo Gino Bartali, na kwa ajili yake twaongeza siku mbili za safari, kutoka Firenze mpaka Assisi, kama kilomita 175. Bartali, mzaliwa wa kando ya Firenze, alikuwa mlei wa Utawa wa Tatu wa Karmeli, na watu walimwita Gino Mcha Mungu, wengine kwa heshima, wengine kwa mzaha. Alikuwa amekwisha kushinda Ufaransa mwaka 1938. Wajerumani walipoishika Italia mwaka 1943, wakaanza kuwasaka Wayahudi, Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze alimwita. Kule Assisi mapadri na watawa waliwaficha watu katika nyumba zao, na mchapaji mmoja, Luigi Brizi, pamoja na mwanawe, walichapa vitambulisho vya uongo. Lakini picha na hati zilihitaji mchukuzi. Bartali alizisokota akazitia ndani ya bomba la chuma la baiskeli na chini ya kiti, akavaa fulana yenye jina lake, akaondoka kama mtu anayefanya mazoezi. Askari barabarani walimtambua. Waliomba saini yake, hawakufungua baiskeli. Kama wangefungua, angepigwa risasi. Katika nyumba yake pia aliificha familia moja ya Kiyahudi. Baada ya vita hakupenda kuyasema, na dunia haikuyafahamu sana mpaka alipokuwa amekwisha kufa mwaka 2000. Mwaka 2013 Waisraeli walimwandika katika orodha ya Wenye Haki kati ya Mataifa.

Wengi humsifu Bartali kwa jambo jingine. Julai 1948 kiongozi wa Wakomunisti wa Italia, Palmiro Togliatti, alipigwa risasi, nchi ikawa karibu kuwaka moto. Naye Bartali, mwenye umri wa miaka 34 tayari, akashinda siku tatu mfululizo milimani na kuchukua Ufaransa mara ya pili. Husemwa kuwa ushindi huo ulizuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sisi twaona wametia chumvi. Togliatti alipona, akawatuliza watu wake mwenyewe. Za Assisi ndizo kilomita za Bartali zinazotufaa.

Mwenye fedha na siku za ziada anaweza kwenda Lourdes, ambako Bartali huyo huyo alishinda tarehe 7 Julai mwaka ule wa 1948. Karibu na hapo ni mlima Tourmalet, mita 2,115. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa baiskeli huko juu. Sheria ilikataza msaada wowote. Akaibeba begani zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mfua vyuma, akaufua uma mwenyewe kwa muda wa saa 3 na zaidi, wasimamizi wamesimama wakimwangalia. Mwishoni wakamwadhibu, kwa kuwa mtoto mmoja alimvuvutia mifuo ya moto. Mafundi wetu wa kando ya barabara, wanaounga chuma kwa makala na nyundo, na waamue wenyewe kama hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Mtu atauliza: na Mwafrika yuko wapi katika njia hizi? Alichelewa kuingia, kwa kuwa mlango ulifungwa na fedha kuliko kitu kingine. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa fulana ya mfalme wa milima katika mashindano ya Ufaransa, na mwaka 2024 Biniam Girmay, wa Eritrea pia, alishinda humo siku tatu na kuchukua fulana ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, yakiwa na kilima chake cha mawe kama kule Flandria. Twajua ya kuwa Wakongo wengi hawakuweza kushangilia. Goma ilikuwa imetekwa mwezi wa Januari mwaka huo huo, na si rahisi kupigia makofi karamu ya jirani huku ndugu zako wakilala katika kambi za wakimbizi. Tumeliandika kwa sababu ni kweli, wala hatuwalaumu washindani.

Sasa mambo ya mkononi. Viza moja ya nchi za Schengen yatosha kwa Ubelgiji, Ufaransa na Italia, kwa siku zisizozidi 90, lakini iombwe miezi mingi mbele. Mwezi unaofaa ni Aprili, kwa maana Flandria, Roubaix na Huy hufuatana kwa majuma machache, na kwa Flandria na Roubaix siku ya kutangulia mashindano watu wa kawaida huruhusiwa kuipita njia wakilipa kiasi. Aprili huko kuna baridi na mvua. Glavu si anasa. Baiskeli ya kukodi yapatikana Oudenaarde, na kwa ajili ya mawe achague tairi pana, asiwasikilize wauzaji wanaosifu tairi jembamba. Na mwenye kutaka kujipima kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya viza, barabara ya kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120. Aondoke saa kumi na moja alfajiri, kabla malori ya madini hayajawa mengi, akichukua maji, pampu na viraka.